Mishipa ya Varikosi Miguuni: Jinsi ya Kuitambua, Kuitunza na Kuitibu Kabla ya Kidonda

Mwalimu anayesimama mbele ya ubao tangu asubuhi, mama lishe asiyeondoka jikoni mpaka sufuria ya mwisho iishe, kinyozi, msusi, mlinzi wa getini: waulize jioni kuhusu miguu yao, na wengi watakujibu kwamba ni mizito. Kwa baadhi yao uzito huo una chanzo kinachoonekana kwa macho, yaani mishipa ya varikosi, iliyotuna na kujisokota chini ya ngozi, kuanzia upande wa ndani wa paja hadi kwenye shavu la mguu. Wengi huishi nayo kwa miaka, wakiificha kwa suruali au gauni refu, mpaka siku ngozi ya juu ya kifundo inapopasuka na kugeuka kidonda ndugu. Nimeandika mwongozo huu ili usifike huko. Na kama umeshafika, usikate tamaa: kidonda hicho kina tiba.

Elewa kwanza damu inavyopanda

Moyo husukuma damu hadi miguuni kupitia ateri. Kuirudisha juu ni kazi ya vena, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu damu lazima ipande umbali mrefu kutoka unyayoni. Inayosaidia ni misuli ya shavu la mguu, ambayo huikamua vena kila unapopiga hatua. Ndani ya vena zenyewe kuna vali, tando mbili nyembamba zinazokutana katikati kama mlango wa mbao mbili unaofunguka upande mmoja tu. Damu ikipanda, zinafunguka. Ikitaka kushuka, zinajifunga.

Mguu una vena za aina mbili. Zile za ndani, zilizo katikati ya misuli, hubeba karibu asilimia 90 ya damu inayorudi moyoni. Zile za juu, chini tu ya ngozi, hubeba iliyobaki. Kubwa kuliko zote kati ya hizi za juu huanzia mbele ya fundo la ndani la mguu, hupita upande wa ndani wa goti na paja, kisha hujiunga na vena ya ndani pale kinenani. Mara nyingi ugonjwa huanzia kwenye vena hii. Vali moja ikilegea, damu inashuka na kuielemea vali ya chini yake, nayo ikilegea inaielemea nyingine. Ukuta wa vena unatanuka, vena inarefuka, na kwa kuwa haina pa kwenda inajikunja. Mikunjo hiyo ndiyo unayoiona.

Angalia tofauti ya shinikizo. Ukisimama tuli, shinikizo la damu ndani ya vena za kifundoni hufika karibu milimita 80 hadi 90 za zebaki. Mtu mwenye vali nzima akianza kutembea, linashuka hadi chini ya 30, kwa kuwa misuli inakamua na vali zinazuia. Mwenye vali mbovu hutembea, lakini shinikizo linabaki juu. Mchana kutwa, mwaka hadi mwaka, ngozi ya juu ya kifundo inabeba mzigo huo. Karibu tiba zote nitakazozitaja huku chini zina lengo moja tu, nalo ni kulishusha shinikizo hilo.

Kwa nini wewe na si jirani yako? Kwanza ni urithi. Kama mama au baba anayo, uwezekano wako wa kuipata ni mkubwa. Halafu kuna umri, mimba (hasa zaidi ya moja), uzito mkubwa, kazi ya kusimama au kukaa sehemu moja kwa saa nyingi, na historia ya damu kuganda mguuni. Si baridi iliyokuingia mguuni, si damu chafu, wala hujategewa kitu ukakikanyaga. Nasema hivi kwa mkazo, kwa sababu nimeona watu wakichanjwa chale juu kabisa ya mshipa uliotuna ili "damu mbaya itoke". Mshipa ule una damu yenye shinikizo kubwa, na ngozi iliyo juu yake ni nyembamba. Usikubali wembe wowote upite hapo.

Hatua ya kwanza: jikague ukiwa umesimama

Usijikague ukiwa umelala, wala asubuhi unapotoka kitandani, maana wakati huo mishipa imejimwaga na inajificha. Jikague jioni, baada ya kusimama dakika chache, paja likiwa wazi, na tochi ya simu imulike kutoka ubavuni ili kila mwinuko utoe kivuli. Kwenye ngozi nyeusi, rangi ya bluu au zambarau inayotajwa vitabuni mara nyingi haionekani kabisa. Kwa hiyo tumia vidole. Pitisha mkono taratibu kutoka kinenani hadi kifundoni upande wa ndani, kisha nyuma ya goti. Utahisi kitu kirefu, laini, kinachobonyea, na ukilala na kuinua mguu juu kinatoweka. Nyuma ya goti mwombe mtu wa nyumbani akutazamie.

Ukimaliza mishipa, tazama ngozi, na hapa usiwe na haraka. Weka macho kwenye eneo lililo juu kidogo ya fundo la ndani. Je, ni jeusi kuliko mguu mwingine? Linawasha, linatoa magamba? Ukilibonyeza ni gumu, halishikiki kwa vidole? Kuna baka jeupe lenye ngozi nyembamba inayong'aa? Soksi ya kawaida inaacha alama ya kuzama jioni? Dalili hizi zina uzito kuliko ukubwa wa mishipa. Kuna mtu mwenye mishipa mikubwa inayotisha lakini ngozi yake ni nzima, na mwingine ambaye mishipa yake haionekani sana ila ngozi imeshaanza kufa.

Madaktari huandika hatua za ugonjwa kwa herufi C na namba. C1 ni vimishipa vyembamba kama utando, visivyo na madhara. C2 ni mishipa iliyotuna yenye upana wa milimita 3 au zaidi. C3 ni uvimbe wa mguu. C4 ngozi imebadilika, C5 kulikuwa na kidonda kikapona, C6 kidonda kiko wazi. Ukiwa C1 huna haja ya kuhangaika. Ukiwa C2 na unaumwa, au umefika C3 na kuendelea, nenda ukaonwe, usingoje.

Dalili za kawaida ni uzito, maumivu ya kuchosha, mguu kujaa, kuwashwa, na misuli kukaza usiku. Zote huzidi jioni na hupungua ukiinua mguu. Kama miguu yako inauma zaidi unapoiinua, au inauma unapotembea na kutulia unaposimama, hilo linaweza kuwa tatizo la ateri. Matibabu yake ni tofauti, na soksi za kubana zinaweza kukudhuru.

Hatua ya pili: hakikisha si ugonjwa mwingine

Mguu mmoja ukivimba ghafla, shavu likauma, likawa na joto na gumu kuliko la pili, fikiria damu iliyoganda kwenye vena ya ndani. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na usikubali kukandwa wala kuchuliwa. Donge la damu likichomoka hupanda hadi kwenye mapafu. Ukiona unakosa pumzi ghafla, kifua kinachoma unapovuta hewa, au unakohoa damu, hiyo ni dharura ya kweli.

Miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja, mara nyingi chanzo kiko kwingine, kwenye moyo, figo au ini. Mjamzito anayevimba uso na mikono, kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, apimwe presha na mkojo haraka, maana hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinachokuja. Ukanda wa pwani, Tanga, Lindi, Mtwara na visiwani, uvimbe unaoongezeka polepole huku ngozi ikiwa nene na ya mikunjo unaweza kuwa matende. Ganzi na moto wa nyayo, ambavyo watu wengi huviita "mishipa", mara nyingi ni mishipa ya fahamu, na kipimo cha kwanza ni sukari. Mabaka au vinundu vyeusi kwenye mguu uliovimba na kukakamaa vichunguzwe mapema, kwani saratani ya Kaposi pia hukaa miguuni.

Damu ikichuruzika

Jifunze hili leo, na umfundishe mtu unayeishi naye. Mshipa uliotuna karibu na kifundo unaweza kupasuka kwa kukwaruzwa kidogo tu, pengine bafuni chini ya maji ya moto, na damu ikaruka bila maumivu yoyote. Watu wamepoteza maisha kwa jambo hili, na wengi wao wangepona kwa kulala chini.

Lala chali palepale ulipo. Inua mguu juu ya kiti, ukuta au bega la mtu, ili uwe juu kuliko moyo. Bonyeza tundu moja kwa moja kwa kitambaa safi au kiganja, dakika kumi au zaidi, bila kufunua kuchungulia. Damu ya vena inategemea shinikizo la kusimama, kwa hiyo ukiinua mguu nguvu yake inaisha. Usikae kwenye kiti mguu ukining'inia. Usikimbie kutafuta msaada. Usifunge kamba wala kanga juu ya goti, kwa sababu utaizuia damu kupanda na tundu litavuja zaidi. Ikitulia, funga bandeji na uende hospitali siku hiyo, hata kama unajiona mzima, kwa kuwa mshipa uliopasuka mara moja hupasuka tena.

Hatua ya tatu: anza nyumbani

Inua miguu. Wengi huikosea hatua hii, maana kuweka miguu juu ya stuli ndogo huku umekaa hakutoshi. Visigino viwe juu kuliko kifua. Lala kitandani au mkekani, weka mito miwili au panda miguu ukutani, dakika 15 hadi 30, mara tatu au nne kwa siku ukiweza. Kama kazi hairuhusu, fanya mchana mara moja na jioni mara moja. Usiku unaweza kuweka tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda upande unaoweka miguu yako, isipokuwa kama una ugonjwa wa moyo unaokufanya ukose pumzi ukilala.

Tembea. Nusu saa kwa siku inatosha kuanzia. Ukiwa kazini umesimama, nyanyuka kwa vidole na kushuka, mara 15 au 20, kila unapokumbuka. Ukiwa umekaa, chezesha kifundo juu na chini kama unayekanyaga cherehani. Zoezi hili dogo ndilo linalokamua vena, na halionekani na mtu hata ukiwa mbele ya darasa. Kwenye basi la safari ndefu, Dar hadi Mwanza au Nairobi hadi Mombasa, shuka kila linaposimama, tembea, kunywa maji. Viatu vya kisigino kirefu hulizuia shavu kufanya kazi yake, kwa hiyo viache vya sherehe.

Uzito ukipungua, shinikizo hupungua. Hilo halirudishi vali zilizolegea, lakini linapunguza uvimbe na kufanya tiba yoyote idumu.

Mafuta ya kupaka yanasaidia ngozi, si mshipa. Paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato kila siku juu ya kifundo, maana ngozi kavu inayowasha hukunwa, na ikikunwa hupasuka. Kukanda kwa maji ya moto, ambako kwetu ni tiba ya kila kitu na hasa kwa mzazi, hutanua vena na kuongeza kujaa. Maji ya baridi kidogo kutoka gotini kushuka yanapendeza zaidi.

Kuhusu vidonge, vile vya diosmini na hesperidini vinavyouzwa famasini vinaweza kupunguza uzito na maumivu kwa baadhi ya watu. Haviondoi mshipa hata mmoja, na ukiacha, dalili zinarudi. Vidonge vya kukojosha si dawa ya varikosi, usivinunue bila kuandikiwa. Na zile chupa za "kuyeyusha mishipa" zinazotangazwa mtandaoni zikiwa na picha za kabla na baada, tunza pesa yako. Hakuna dawa ya kunywa inayozifanya vali zilizolegea zikaze tena.

Hatua ya nne: soksi za kubana, na jinsi ya kuzivaa

Soksi hizi hubana zaidi kifundoni na hulegea kadiri zinavyopanda. Kwa vipimo vya Ulaya vinavyotumika sana kwenye maboksi, daraja la kwanza ni milimita 18 hadi 21 za zebaki, la pili 23 hadi 32, la tatu 34 hadi 46. Kwa uzito na uvimbe wa kawaida, la kwanza au la pili linatosha. Kwa aliyewahi kuwa na kidonda, mhudumu wa afya ndiye atakayeamua.

Kabla ya kununua, kuna jambo moja usiliruke. Mhudumu aguse mapigo juu ya unyayo wako na nyuma ya fundo la ndani. Kama una kisukari, unavuta sigara, una umri mkubwa, au mapigo hayasikiki vizuri, alinganishe presha ya kifundo na ya mkono. Uwiano (presha ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono) ukiwa chini ya 0.8, soksi ya kawaida ya kubana si yako mpaka mtaalamu aseme, na ukiwa chini ya 0.5 usibane kabisa. Mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa unaweza kufa vidole.

Pima mguu asubuhi kabla haujavimba, mzunguko wa kifundo pale palipo pembamba na mzunguko wa shavu pale palipo panene. Usinunue kwa kukisia namba ya kiatu. Soksi inayoishia chini ya goti inawafaa wengi, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa ndiyo utakayoivumilia. Ile ndefu ya hadi pajani wengi huivaa wiki moja wakaitupa kabatini.

Ivae kabla ya kushuka kitandani. Ingiza mkono ndani, shika kisigino, igeuze nje-ndani mpaka kisigino, ingiza vidole vya mguu, kaza kisigino mahali pake, kisha ipandishe kidogo kidogo kwa kuipapasa kwa viganja. Usiivute kwa kucha. Glavu za mpira za kuoshea vyombo hurahisisha sana, maana hushika kitambaa bila kukitoboa. Usikunje ukingo wa juu, kwa sababu mkunjo unageuka kamba inayokaba chini ya goti. Vua usiku. Fua kwa mkono kwa sabuni laini, usiikamue kwa nguvu, anika kivulini. Baada ya miezi kama sita ya kuvaliwa kila siku mpira huwa umechoka. Ikipanda kirahisi kupita ilivyokuwa, nunua nyingine.

Vidole vikipauka, vikawa baridi, vikafa ganzi au vikauma, vua mara moja.

Hatua ya tano: kipimo na rufaa

Soksi hupunguza dalili, lakini haziondoi ugonjwa. Miongozo ya Uingereza iliyotolewa 2013 na taasisi ya NICE inasema soksi peke yake zisitolewe kama tiba kwa mtu anayefaa kutibiwa mshipa wenyewe. Nakubaliana nayo, ingawa najua kwetu wengi soksi ndiyo pekee wanayoweza kuipata kwa sasa. Ukizivaa, zivae huku ukiendelea kutafuta rufaa.

Kipimo unachohitaji ni altrasaundi ya dopla ya vena za mguu. Haina mionzi wala maumivu. Mpimaji hupaka jeli, hupitisha kifaa, na hubana shavu la mguu kisha kuachia huku akitazama kwenye skrini damu inakwenda wapi. Wewe uwe umesimama, au kitanda kiwe kimeinamishwa. Ukipimwa umelala chali tu, majibu kuhusu vali hayaaminiki. Majibu mazuri yanataja vena ipi inavuja, kuanzia wapi hadi wapi, upana wake, na kama vena za ndani ziko wazi. Majibu yanayosema tu "varikosi mguu wa kushoto" hayamsaidii daktari wa upasuaji.

Zahanati au kituo cha afya kikuandikie rufaa kwenda kliniki ya upasuaji ya hospitali ya mkoa, na kutoka hapo kwenda hospitali ya kanda au ya taifa, kama Bugando, KCMC, Muhimbili au, kwa Kenya, Kenyatta. Mweleze daktari mahangaiko yako waziwazi, na umwombe ayaandike pamoja na hatua ya C. Bima nyingi huiona varikosi kama suala la urembo, na karatasi inayosema "maumivu, uvimbe, ngozi imebadilika, C4" ina nguvu kuliko ile isiyosema kitu. Uliza mapema kama bima yako inagharamia kipimo na tiba, iwe NHIF ya Tanzania au SHA ya Kenya.

Maswali ya kumuuliza daktari ni haya: "Daktari, vena ipi inavuja? Vena zangu za ndani ziko salama? Hapa mnatumia njia gani, na umeizoea? Nisipofanya sasa, nini kinaweza kutokea?" Hutamkosea heshima.

Hatua ya sita: kuiziba au kuiondoa vena mbovu

Wengi huogopa hapa, wakisema: mshipa ukiondolewa damu itapita wapi? Kumbuka ile asilimia 90. Vena za ndani ndizo barabara kuu, na ile ya juu iliyoharibika haikusaidii kitu, inarudisha tu damu chini. Madaktari wa moyo huitoa vena hiyohiyo ya mguuni, ikiwa nzima, na kuitumia kuunganishia ateri za moyo zilizoziba, na wagonjwa wao wanatembea vizuri. Kuna hali moja ya tahadhari: kama vena za ndani zimeziba kwa damu iliyoganda zamani, mishipa ya juu inaweza kuwa ndiyo njia ya pembeni. Ndiyo maana hakuna kufanya lolote kabla ya dopla.

Njia inayopendekezwa kwanza siku hizi, pale inapopatikana, ni kuichoma vena kwa ndani. Mrija mwembamba huingizwa kupitia tundu dogo karibu na goti, hupandishwa hadi karibu na kinena kwa kuongozwa na altrasaundi, na dawa ya ganzi yenye maji mengi hudungwa kuizunguka vena. Kisha mrija hupashwa joto kwa mawimbi ya redio, kwa aina inayotumika sana nyuzi 120, au kwa leza, huku ukivutwa kidogo kidogo. Vena hujifunga na mwili huimaliza wenyewe polepole. Mgonjwa anatembea saa ileile na analala kwake. Njia hii ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990.

Ya pili ni sindano ya povu. Dawa kama polidokanoli huchanganywa na hewa ikawa povu, kisha hudungwa ndani ya vena. Haihitaji mashine ghali zaidi ya altrasaundi. Vena kubwa huweza kufunguka tena na sindano ikahitaji kurudiwa.

Ya tatu ni upasuaji wa kuifunga vena pale kinenani na kuivuta nje. Ni wa zamani, unafanywa na madaktari wengi wa upasuaji wa kwetu, na bado ni tiba nzuri ukifanywa vizuri. Tofauti ni michubuko zaidi, nusu kaputi au ganzi ya mgongo, na wiki moja hadi tatu kabla ya kurudi kazini. Kama hospitali iliyo karibu nawe inafanya upasuaji huu tu, mimi ningeukubali kuliko kungoja mashine ya leza miaka mitano huku ngozi ikiharibika.

Kwa mjamzito, subira. Wakati wa mimba damu mwilini huongezeka, homoni hulegeza kuta za vena, na mji wa mimba hubana vena za tumboni. Baada ya kujifungua mishipa mingi hunywea yenyewe ndani ya miezi 3 hadi 12. Kwa hiyo soksi, kulalia ubavu wa kushoto, kuinua miguu, na tiba ya mshipa isubiri. Mwanamke mwenye varikosi au aliyewahi kuganda damu amwambie mhudumu wa uzazi wa mpango kabla ya kuanza vidonge vyenye estrojeni.

Kama kidonda kimeshatokea

Kidonda cha vena hukaa juu ya fundo la ndani, ni kipana, si kirefu kwenda chini, kingo zake hazina mpangilio, na hutoa maji mengi. Ngozi inayokizunguka ni nyeusi na ngumu. Kidonda cha unyayoni kwa mwenye kisukari ni jambo jingine. Mwenye selimundu hupata vidonda mahali hapohapo pa kifundo, kwa hiyo kijana mwenye kidonda hicho apimwe selimundu kabla ya kuambiwa ni varikosi.

Kinachokiponya kidonda hiki ni kubana na kuondoa shinikizo. Nimekaa kwenye chumba cha kusafishia vidonda nikaona mgonjwa amebadilishiwa dawa ya juu kila mwezi kwa muda mrefu, ya njano, ya kahawia, asali, hadi unga wa vidonge vya rangi mbili, na mguu haujafungwa bandeji ya kubana hata siku moja. Usimwagie unga wa vidonge, spiriti, majivu wala unga wa betri. Osha kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, au maji ya chumvi ya hospitali. Weka kitambaa kisichonata, kisha mhudumu aliyefundishwa afunge bandeji kuanzia chini ya vidole hadi chini kidogo ya goti, unyayo ukiwa umekunjwa pembe mraba, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, mkazo mkubwa ukiwa kifundoni. Kisigino nacho kifunikwe, maana kikiachwa wazi kinavimba. Antibiotiki ni za kidonda chenye maambukizi tu: homa, wekundu au joto linalosambaa, maumivu yanayozidi, usaha. Chanjo ya pepopunda iwe imekamilika.

Kisha vena itibiwe mapema. Utafiti wa EVRA uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 450 na kuchapishwa 2018 ulionyesha kwamba waliozibwa vena mapema, pamoja na bandeji, walipona kwa muda wa kati wa siku 56, wakati waliosubirishwa walipona kwa siku 82. Utafiti mwingine wa huko, ESCHAR wa 2004, ulionyesha kwamba upasuaji ukiongezwa juu ya bandeji, vidonda vilivyorudi ndani ya mwaka mmoja vilikuwa asilimia 12, dhidi ya 28 kwa bandeji peke yake.

Kidonda kilichokaa miezi mingi bila kupungua, au kinachoota nyama kwenye kingo, kikatwe kipande kidogo cha ukingo kipelekwe maabara, kwa sababu saratani ya ngozi huweza kuota ndani ya kidonda cha muda mrefu.

Baada ya tiba ya mshipa

Tembea siku hiyohiyo, dakika chache kila saa unapokuwa macho. Vaa soksi kwa muda utakaoambiwa, kwa kawaida siku chache hadi wiki moja au mbili. Michubuko na kamba ngumu chini ya ngozi kando ya paja ni kawaida na hupungua kwa wiki kadhaa. Dawa rahisi ya maumivu inatosha. Sehemu ndogo yenye ganzi karibu na kifundo hutokea kwa baadhi na mara nyingi hupungua. Epuka safari ndefu ya basi au ndege wiki za mwanzo, na ukiwa huna budi, mwambie daktari kwanza.

Rudi hospitali bila kungoja miadi kama shavu la mguu limevimba na kuuma kwa namna mpya, kama tundu linatoa usaha, au kama pumzi inabana. Miadi ya kawaida isipuuzwe hata kama mguu unapendeza: dopla ya marudio ndiyo inayoonyesha kama vena imefungika. Mishipa mingine inaweza kutuna miaka ya mbele, kwa sababu ule urithi haujaondoka. Ikitokea, hupimwa na kutibiwa kwa njia zilezile, na mara nyingi sindano ya povu inatosha.